Ufunguo Uliofungwa Kwenye Kitenge

Maman Mwamvua wa mtaa wa Saint-Josse hakuwa mtu wa kuambiwa "hapa si mahali pako" akanyamaza. Alipofika Brussels kutoka Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, na mtoto mgongoni na mume ambaye kifua kilikwisha kuanza kumsumbua, alipata kazi ya kusafisha ofisi karibu na Porte de Namur. Msimamizi akamwonyesha ngazi za nyuma. Lifti ya mbele, akasema, ni ya watu wa suti.

Kesho yake Mwamvua akaja na koti la suti la mumewe juu ya gauni, mikono ameikunja hadi kwenye kiwiko, ndoo mkononi, akaingia lifti ya mbele na kumsalimia kila aliyekuwemo.

"Madame, nilikwambia nini?" msimamizi akamuuliza.

"Uliniambia watu wa suti. Hii ni suti ama ni shuka?"

Akapanda lifti hiyo mpaka alipostaafu. Koti lilichakaa, akanunua jingine.

Ndivyo alivyokuwa, na mtaa ulimpenda kwa hayo. Lakini walichompendea zaidi ni bati lake. Lilikuwa bati la bluu, la mviringo, la biskuti zilizoliwa zamani, nalo lilikaa juu ya friji. Ndani yake mlikuwa na vidonge vya kila rangi, vya kichwa, vya meno, vya tumbo, vya usingizi, na marhamu ambayo karatasi yake ilikuwa imefutika zamani. Aliyepona akabakiza dawa, alileta zilizobaki. Aliyeumwa alipanda ngazi, akapewa chai, akaulizwa panauma wapi, na bati likafunguliwa. "Chukua mbili," angesema, "moja ya sasa, moja ya usiku." Msishangae. Huko alikokulia, daktari alikuwa mbali na duka la dawa lilikuwa mbali zaidi ya daktari, na kidonge cha jirani kilikuwa kidonge cha mtaa mzima. Mwamvua alijivunia jambo moja duniani, kwamba hakuna aliyewahi kutoka kwake na maumivu na mikono mitupu.

Likumbukeni bati hilo.

Ugonjwa wake ulianzia kwenye titi, ukakatwa, ukatulia, watu wakausahau. Kisha ukarudi kwa mlango wa nyuma, kwenye mifupa ya nyonga na mgongo. Bati lilijaribu, likashindwa. Vidonge alivyopewa na daktari navyo alivitapika vyote. Ikafika mahali hawezi kulala chali wala ubavu, na kuketi ndiko kulikokuwa kugumu kuliko yote.

Na kuketi ndicho alichokitaka. Mjukuu wake Tasnim, mtoto wa binti yake Aïcha, alikuwa ameposwa na kijana wa Kitanzania ambaye wazazi wake wana nyumba yenye bustani kule Uccle, kwa matajiri. Tangu Tasnim ana meno ya utoto, Mwamvua alimwahidi kwamba yeye ndiye atakayekuwa somo wake. Somo ndiye mwanamke anayeketi na biharusi kwenye mkeka, mlango umefungwa, alasiri ya kuamkia ndoa, akampa maneno ambayo mama mzazi anaona haya kuyasema. Kwa watu wa Buyenzi, somo huketi wima. Akilala kitandani, wanasema, na maneno yake yatalala katika nyumba ile.

"Docteur," akamwambia daktari, "miye sikuombi uniponye. Nimeshakubali. Nakuomba uniketishe tu. Nikae, na akili yangu nikae nayo."

Daktari akafikiri, akasema ziko njia. Akaandika morfini ya kudunga, isiyopita tumboni kwenda kutapikwa, ila inayopita kwenye sindano nyembamba chini ya ngozi, ikisukumwa polepole na kipampu kidogo kama redio ya mfukoni.

Aliyeileta nyumbani ni Chloé, nesi kijana wa Kibelgiji anayezunguka mtaa kwa baiskeli. Kifaransa cha Mwamvua na cha Chloé havikufanana, lakini vilikutana katikati na kuelewana. Siku ya kwanza Chloé alitoa vichupa vya kioo vyenye shingo ya kuvunjwa, akasoma jina juu ya kila kimoja kwa sauti, akakivunja kwa kitambaa asijikate, akavuta dawa kwenye bomba la sindano. Tone lililobaki hakulirudisha popote wala hakulimwaga kwenye sinki. Alilifyonza kwa pamba, akaitia pamba kwenye ndoo ndogo ya njano pamoja na sindano na vioo. Ndoo hiyo ilikuwa na kifuniko kinachoingiza tu, hakitoi.

Kisha akatoa sanduku la chuma lenye kufuli, akapanga ndani yake vichupa vilivyobaki.

Mwamvua akacheka mpaka nyonga ikamkumbusha. "Kufuli kwa dawa? Kwetu tunafungia mbuzi."

"Mbuzi akitoroka anarudi, Maman," Chloé akasema. "Hii ikitoroka harudi mtu."

"Mtu gani? Hapa wanaingia rafiki zangu tu."

"Ndio hao ninaowaogopea." Chloé akaketi ukingoni mwa kitanda. "Sikiliza. Wewe utapanda ngazi hii kidaraja kidaraja. Tunaanza na kidogo, mwili uzoee, ndipo tuongeze. Rafiki yako hajapanda hata daraja moja. Kinachokutuliza wewe kinaweza kumlaza yeye asiamke. Kinasahaulisha kifua kuvuta pumzi. Na akiwa amemeza kidonge cha usingizi juu yake, mbaya zaidi."

Mwamvua akatupa jicho jikoni, juu ya friji, akalirudisha.

"Na wewe mwenyewe pia," Chloé akaendelea, akimtazama na Aïcha. "Sindano ikichomoka, dawa ikikatika, mnipigie simu. Msifidie wenyewe. Mtu asiseme Maman amekosa asubuhi basi tumpe mbili mchana. Na akiwa anasinzia hata mkimtikisa haamki, au pumzi zake zimekuwa chache, hapo msinisubiri mimi, mnapiga 112, simu ya dharura. Ufunguo anakaa nao mtu mmoja. Nani?"

"Miye," akasema Mwamvua. Akachukua ncha ya kitenge alichojifunga, akauzungushia ufunguo, akapiga fundo la aina ile ambayo mama zetu hufungia nauli. "Atakayeutaka aje anivue nguo."

Kwa muda wa siku chache nyumba ikawa na amani. Mwamvua alilala akaamka, akala uji, akaanza kuketi kwa mto, kisha kwa mto mdogo zaidi. Akili yake ilikuwa ileile, tena kali. Alimtuma Aïcha akabadilishe kitambaa cha sare kwa kuwa rangi yake ilimkumbusha mapazia ya hospitali.

Asiyekuwa na amani alikuwa tonton Radjabu, mdogo wa marehemu mumewe, mzee nadhifu mwenye kofia safi, ambaye tangu kaka yake azikwe alijihesabu kuwa ndiye mlango wa nyumba ile. Alipoona mrija ukiingia chini ya kitenge cha shemeji yake, alibaki amesimama na mfuko wa machungwa mkononi.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya msibani, mbele ya wageni, "unajua hiyo ni nini? Hiyo ndiyo sindano yao. Katika inchi hii kuna sheria, muntu akichoka wanammaliza. Daktari anakuja na sindano, anakuaga vizuri, kwisha. Morphine. Jina ndilo hilohilo."

Wageni wakatazama chini. Wengi wao walikuwa wamelifikiri hilo, ila hawakuwa na mdomo wa kulisema.

"Radjabu," Mwamvua akamjibu, "sheria hiyo unayoisema, mtu anaiomba mwenyewe, kwa kinywa chake, na wanamuuliza tena na tena. Miye nilimuuliza Chloé, kwa sababu na mimi niliogopa. Ni kitu kingine. Sijaomba kufa. Nimeomba kuketi."

"Bon, lakini subira nayo ni ibada. Maumivu yanafuta madhambi."

"Basi kesho ukiumwa jino usiende Saint-Josse nzima ukilia. Keti na jino lako, lifute."

Sumaya, rafiki yake tangu Buyenzi, aliyesafisha naye ofisi zilezile mpaka mgongo ukampinda, akacheka kwenye leso. Radjabu akayaweka machungwa mezani, akaketi. Lakini macho yake yalibaki kwenye mrija.

Ikafika siku ya kuamkia ndoa. Asubuhi Chloé alikuja, akatazama ngozi kama haijavimba, akajaza pampu, akambusu Mwamvua shavuni, akaondoka na baiskeli yake. Mwamvua alijipangia kulala kidogo ili alasiri awe na nguvu. Watu wa Uccle walikuwa waje kunywa chai, na wakiwa sebuleni, yeye na Tasnim wangefunga mlango. Jikoni Aïcha na Sumaya walikaanga sambusa. Radjabu alipanda na viti vya kuazima, akashuka, akapanda na vingine. Katikati ya usingizi Mwamvua alimsikia akiingia chumbani, akisema kitu kuhusu mto, na mkono ukigusa upande wa tumbo lake. Akalala tena.

Aliamshwa na nyonga.

Mwanzoni alidhani amelala vibaya. Akajigeuza. Nyonga ikasema hapana. Akangoja, kwani kwa siku zile alikwisha kusahau kwamba maumivu yana sauti, na sauti ile ilikuja kwanza kama mtu anayegonga mlango kwa adabu. Kisha ikaacha adabu. Mpaka anasikia kengele ya mlango, na ngazi zikijaa viatu vya watu wa Uccle na salamu zao ndefu, alikuwa ameuma ncha ya mto na jasho linamtoka kama aliyepanda na gunia.

Aïcha aliingia kumvisha. Akamwona, akafunua kitenge, akapiga kite.

Plasta ilikuwa imebanduliwa. Sindano ilikuwa imechomolewa, ikakunjwa kwenye karatasi laini ya kufutia pua, ikasukumwa chini ya mto pamoja na pampu. Na pampu, maskini, haikuambiwa kitu. Ilikuwa bado inanguruma taratibu, inasukuma dawa yake kwenye shuka. Tangu asubuhi godoro ndilo lililokuwa likitulizwa, nalo halikuwa na maumivu.

"Nani?" Aïcha akasema. "Nani amefanya hivi?"

Tonton Radjabu alikuwa mlangoni na kofia yake mkononi, na mtu asiye na kosa haivui kofia yake namna ile.

Sumaya alikuja mbio kutoka jikoni, unga mikononi. Alipomwona rafiki yake, machozi yakamtoka, na alipomaliza kulia akashika kiuno. "Alors, tunangoja nini? Sanduku liko hapa. Nipe ufunguo, Mwamvua. Mimi kule kambi ya wakimbizi nilikuwa nawadunga watu penisilini, mkono wangu haujasahau. Nakuvunjia viwili, kimoja cha asubuhi uliyokosa, kimoja cha sasa. Utakaa kwenye mkeka kabla chai yao haijapoa."

"Maman, mpe," Aïcha akasema. "Tafadhali. Mpe tu."

Hapo ndipo ungemwona Mwamvua wa lifti. Alikuwa hawezi kunyoosha mguu. Midomo ilikuwa imekauka. Lakini mkono wake ulishuka kwenye ncha ya kitenge, ukalifumbata lile fundo, na vidole vikafunga juu yake.

"Hapana."

"Mwamvua, unaumia."

"Najua ninaumia, Sumaya. Nani anajua kunishinda?" Akapumua. "Mpigie Chloé."

"Chloé yuko kwenye baiskeli huko, nani ajue ni wapi. Miye niko hapa. Lini wewe umemnyima mtu dawa? Lini? Umenipa za mgongo, umenipa za usingizi, leo ni zako mwenyewe, unajinyima?"

Neno lile lilimpata. Aliwatazama, mmoja mmoja, watu aliowapenda kuliko wote, mikono imenyooka, kila mmoja tayari kumtibu kwa upendo. Na aliijua mikono ile. Aliifundisha yeye. Bati lile lote la bluu lilikuwa limesimama mbele ya kitanda chake likiwa na miguu na machozi.

"Mkono huu umegawa dawa bila kuuliza maisha yangu yote," akasema. "Labda Mungu alikuwa anafunika. Leo umefunga. Mkinipa mbili kwa mpigo nitalala, na huko nitakakolala sijui kama kuna alasiri. Tasnim ataketi na maiti. Atakayefungua sanduku hili leo si ndugu yangu. Aïcha, simu."

Aïcha akapiga. Sauti ya Chloé ikatoka kwenye simu, haina haraka lakini haina mchezo. Anavuta pumzi vizuri? Anajibu akiulizwa? Vema. Msimdunge kitu. Msimpe kitu kutoka kwenye bati, najua lipo, nimeliona. Zimeni pampu kwa kitufe chekundu, msiguse sindano kwa mkono, isimkute mtoto. Nakuja.

"Bon," akasema Mwamvua. "Anakuja. Sasa wageni wangu wako wapi?"

"Maman, wageni waache. Tutawaambia unaumwa."

"Waambieni. Si siri. Na mniletee biharusi."

"Huwezi kuketi."

"Nani kasema?"

Waliutandika mkeka. Walimshusha kama wanavyoshusha kabati la kioo, na kila mtu mle chumbani alisikia jinsi alivyozuia sauti isitoke. Akaketi, akaanguka upande. Wakamweka tena, mito ikateleza. Hapo Tasnim, aliyekuwa ameingia na hina yake bado mbichi, mikono juu kama anayekamatwa na polisi, akaketi nyuma ya bibi yake, akageuka, akaegemeza mgongo wake kwenye mgongo wa bibi.

"Niegemee, Bibi," akasema. "Mimi nina mifupa."

Wakatolewa wote. Mlango ukafungwa. Somo na biharusi wakaketi mgongo kwa mgongo, kila mmoja akitazama ukuta wake, na maneno yakatolewa hivyo. Aliyeyasikia yote ni Tasnim peke yake, na mengi hakuyasema kwa mtu. Machache ameyasema.

"Mjukuu wangu," Mwamvua alianza, na baada ya kila maneno machache alisimama akingoja wimbi lipite. "Watakwambia mwanamke mwema ni anayevumilia. Usikubali upesi. Ukiumia, sema panauma. Usikae ukingoja mtu abahatishe."

"Ndiyo, Bibi."

"Akikupenda sana mtu, muulize anakupenda na akili ama anakupenda na mikono tu. Tonton wako ananipenda. Umeona mapenzi yake, yako chini ya mto."

Tasnim akacheka, na kicheko chake kikapita kutoka mgongo hadi mgongo, na Mwamvua akasema, "Taratibu, unanitikisa," akacheka naye, akaumia, akacheka tena.

Chloé alifika na mvua mabegani. Hakusalimu mtu sebuleni. Alivaa glavu kwanza, akaichukua ile karatasi yenye sindano kwa koleo, akaitia kwenye ndoo ya njano, akaliondoa shuka lililolowa na kuliweka kando. Akamsikiliza Mwamvua kifua, akamtazama mboni za macho, akampigia daktari simu palepale, akaeleza, akarudia alichoambiwa neno kwa neno. Ndipo akanyoosha kiganja.

Mwamvua alilifungua fundo kwa meno, kwa kuwa vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa kulifumbata, akampa ufunguo.

Ilikuwa sindano mpya mahali papya, na kipimo kile daktari alichosema, hakikuzidi. Pampu ikajazwa upya. Kisha Chloé akafanya kitu ambacho hakuna hata mmoja wao angefikiri kukifanya. Alikaa. Aliketi sakafuni kando ya mkeka, macho kwenye kifua cha Mwamvua, akitazama kinavyopanda na kushuka, mpaka ule mkunjo wa paji la uso ukaanza kulegea wenyewe.

"Bado upo?" akamuuliza.

"Nipo. Na mgongo wa huyu mtoto una jasho."

Wakati huo mlango ulikuwa wazi, na shangazi wa bwana harusi, mama mrefu wa Kitanzania mwenye miwani ya dhahabu, alikuwa amesimama kizingitini na kikombe chake cha chai. Alikuwa pale tangu lini, haikujulikana. Radjabu alikuwa nyuma yake, uso umemshuka.

"Radjabu," Mwamvua akaita kutoka mkekani. "Wageni wameona. Sema wewe, ama niseme mimi?"

Mzee akaizungusha kofia. "Ni mimi," akasema. "Niliona aibu. Nikasema watu wa Uccle watakuja, wataona mrija, watasema wameoa kwenye nyumba ya madawa. Nikasema niitoe kidogo tu, wakiondoka nirudishe."

"Urudishe? Ni uzi kwenye shanga?"

"Sikujua, shemeji."

"Hukuuliza."

Kisha shangazi wa bwana harusi akaweka kikombe chake sakafuni, jambo ambalo mtu wa miwani ile hufanya mara chache.

"Mama yangu alifia Tanga," akasema, "ugonjwa kwenye mifupa vilevile kama wewe, dada. Aliuma mto mpaka ukatoka pamba. Dawa ilikuwa hakuna, yaani hakuna kabisa, tulizunguka mji mzima. Hiki kidude kingekuwepo, sisi tungekitundika sebuleni, kila anayeingia akione." Akamgeukia Radjabu. "Mzee wangu, sisi tulikuja kuangalia kama bibi harusi ana watu. Nimeona anao. Ila wewe kanawe mikono, umeshika dawa ya watu."

Radjabu akaenda kunawa. Chloé akamfuata, akamwonyesha namna.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, Mwamvua aliagiza bati lishushwe kutoka juu ya friji. Wakalimwaga mezani. Sumaya akaanza kuvitambua vidonge vyake vya usingizi, na alipovitambua akaketi, kwa maana alikuwa amemeza kimoja jana yake usiku, na alikumbuka kwamba mchana, alipoomba ufunguo, alikuwa amekusudia kuijaribu sindano kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, hivyo tu, mgongo upate kupoa.

"Hivi vyote vinarudi kwa pharmacien wa duka la dawa," Mwamvua akasema. "Aïcha atavipeleka. Na wewe Sumaya, Jumatatu unaenda kwa daktari na mgongo wako, unausema kwa mdomo wako. Nitakusindikiza kwa simu."

"Na bati?"

"Lioshe kwa maji ya moto. Kesho nataka visheti ndani yake."

Sumaya hakulala mapema. Alichukua kipande cha sare kilichobaki, kile cha rangi isiyofanana na mapazia ya hospitali, akashona kimfuko cha kuvaa shingoni chenye kidirisha, ili Chloé aweze kuona namba za pampu bila kuitoa.

Siku ya ndoa Mwamvua aliingia ukumbini kwa kiti cha magurudumu, wima, kimfuko kifuani juu ya nguo, mrija ukionekana wazi ukishuka mpaka ubavuni. Aliyesukuma kiti alikuwa tonton Radjabu. Hakuomba kazi hiyo, alipewa. Kila alipopunguza mwendo mbele ya watu wake wa msikitini, sauti ilitoka mbele yake, "Usijifiche nyuma yangu, Radjabu, mimi ni mwembamba." Watu waliuliza. Wengine waliuliza kwa kunong'ona, nao akawajibu kwa sauti ya kutosha meza nzima: ni morfini, inaniketisha, ina kufuli, ufunguo ninao mimi, na hapana, sikupi. Na huku akisema hayo bati la bluu lilikuwa mapajani mwake, na kila aliyekuja kumshika mkono aliambiwa achukue visheti viwili, kimoja cha sasa, kimoja cha usiku.

Mpiga picha alimpanga katikati, maharusi huku na huku. Akatazama kwenye kamera, akasita, akaja na shada kubwa la maua meupe.

"Maman," akasema kwa upole, "tuliweke hapa kifuani? Lifiche hiyo kamba kidogo. Kwa picha."

Mwamvua alilitazama shada, akamtazama yeye.

"Ficha maua," akasema.